Kiitikio kimeisha kwenye mashine, kanisani bado kinaimbwa

Shikamoo Mwalimu. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni binti wa miaka 28, naongoza timu ya kusifu na kuabudu katika kanisa moja hapa Buhongwa, Mwanza. Kanisa letu si kubwa. Tuna waimbaji saba, mpiga kinanda, mpiga besi, na mzee wetu mmoja anayepiga dramu na ngoma tangu kanisa likiwa banda la mabati. Mpiga gitaa la solo tulikuwa naye, akahamia Geita kikazi, mpaka leo hatujapata mwingine.

Mwaka huu kijana wetu wa kinanda amerudi kutoka chuoni na kompyuta yenye programu ya muziki. Ametuletea kitu anachokiita lupu, yaani vipande vifupi vilivyorekodiwa tayari, kayamba, makofi, ngoma, vinanda vya nyuzi, vinajirudia chini yetu wakati tunapiga na kuimba. Mwanzoni nilifurahi kweli. Muziki ulijaa, pengo la gitaa halikusikika, hata vijana waliokuwa wanachelewa wakaanza kuwahi. Baadaye akaanza kuleta nyimbo nzima alizopakua mtandaoni, zina kila kitu ndani, mpaka sauti za waitikiaji.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Jumapili moja tulikuwa kwenye wimbo wa kuabudu, mchungaji akasimama na kunionyesha kwa mkono kwamba turudie kiitikio. Akina mama wa benchi za mbele walikuwa wameshakidaka, kanisa zima likawafuata. Mashine yenyewe ikaenda zake kwenye ubeti, chodi nyingine kabisa, yaani sauti za kinanda zinazopigwa pamoja chini ya wimbo. Makofi yakavurugika, mpiga besi akawa anatazama huku na huku hajui amfuate nani. Kijana akazima, tukabaki na kinanda peke yake kinatafuta pa kuingilia.

Wiki iliyofuata ikawa mbaya zaidi. Tulimaliza wimbo, tukashusha maikrofoni ili mchungaji aombe, lakini sauti za wanawake zikaendelea kutoka kwenye spika. Watu wakawa wanatutazama midomo. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa aliniita pembeni akaniuliza, "Binti, kumbe siku zote mnaigiza?" Sikuwa na jibu.

Lakini linaloniumiza zaidi ni mzee wetu wa ngoma. Kuna nyimbo ambazo kijana alimwambia asipige kabisa, kwa sababu "ngoma zimo humu tayari". Nyingine anavalishwa hedifoni ili asikie mlio wa kuhesabu mapigo. Akifika ubeti wa pili anazivua, anaambiwa anachelewa. Sasa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Hajalalamika kwa mtu. Huyu ndiye aliyenifundisha kuhesabu mapigo nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili.

Wazee wa kanisa wamegawanyika. Wengine wanasema mashine katika ibada ni udanganyifu, vijana wanasema makanisa makubwa yote yanatumia. Mchungaji amenipa mimi kazi ya kuleta pendekezo kabla ya mkutano wa injili tutakaoufanya viwanja vya Furahisha, Kirumba. Na kuna mtu amemshauri kwamba uwanjani ni heri tuweke nyimbo nzima za mashine tangu mwanzo mpaka mwisho. Je, ni dhambi? Na kama si dhambi, tutaitumiaje bila kumpoteza mzee wetu?

Kiongozi wa sifa, Buhongwa


Marahaba mwanangu. Bwana asifiwe milele.

Naanza na swali la yule mzee wa kanisa, kwa sababu lina haki ya kujibiwa na wewe mwenyewe unapaswa kumrudia umjibu. Sauti za watu wasiokuwepo ziondoeni, na msisubiri kikao. Mtu anaposimama madhabahuni na maikrofoni mdomoni, kanisa linaamini kwamba kinachosikika kinatoka kwake. Kikiwa kinatoka kwa mwimbaji aliyerekodiwa studio, asiyejua hata Buhongwa ni wapi, basi mmewaacha waumini waamini lisilo kweli, hata kama hamkukusudia. Kayamba la mashine halimdanganyi mtu, kwa kuwa hakuna aliyesimama mbele akijifanya analitikisa. Mpaka wangu ninauweka kwenye sauti ya binadamu. Waitikiaji wenu ni saba. Saba wanatosha kabisa kugawana sauti tatu, wakifanya mazoezi.

Swali hili wala halikuanza na kizazi chenu. Mwaka 1958 Vatikani ilitoa maelekezo ya muziki wa ibada yaliyokataza vinanda vinavyojipiga vyenyewe, santuri, redio na vinasa sauti katika liturujia, hata kwa kusaidia tu uimbaji wa kwaya au wa waumini. Vipaza sauti viliruhusiwa, maana vinabeba sauti ya mtu aliye hai mbele yenu. Na kulikuwa na nafasi moja kwa mashine zenyewe: katika maandamano ya nje ya kanisa zingeweza kuongoza na kushikilia uimbaji wa watu. Sisemi kanisa lenu lifungwe na maelekezo hayo. Nayataja kwa sababu yanawaonyesha wazee wenu kwamba hofu yao ni ya watu makini, na yanawaonyesha vijana kwamba jambo hili limepimwa na wengine kabla ya kompyuta kuwepo.

Sasa niwageukie hao wazee wanaosema mashine yoyote ni udanganyifu. Waulize kwa heshima: kinanda chenu mnakipigaje? Kwa miaka mingi makanisa yetu yameimba juu ya vinanda vyenye midundo ndani yake. Mpigaji anashika chodi kwa mkono wa kushoto, anabonyeza kitufe, na dramu, besi na gitaa vinaanza kujipiga. Hizo nazo ni lupu. Tumeoa nazo, tumezika nazo, hakuna aliyeziita udanganyifu. Lakini angalia kinanda kile kilivyo na adabu. Mdundo wake unazunguka muda wote mpigaji anaotaka. Mchungaji akisema turudie, mpigaji anaendelea kushika chodi zile zile na mdundo unamngoja. Akitaka kumaliza anabonyeza kitufe cha kumalizia, na mdundo unafunga vizuri. Mashine inawafuata watu.

Wimbo mzima uliopakuliwa hauwezi hilo. Umeshaamua kiitikio kinaimbwa mara mbili, na Roho akiwagusa watu mara ya tano, wenyewe umeshaondoka. Kwa hiyo pendekezo langu kwako, ambalo ningependa ulipeleke kwa mchungaji kama lilivyo, ni kwamba nyimbo nzima ziachwe kabisa, na lupu fupi zibaki.

Chukua wimbo wenye mwendo wa mapigo 96 kwa dakika. Kipande cha mapigo 16 kinachukua sekunde 10, kisha kinaanza upya. Mkirudia kiitikio cha urefu huo mara kumi, kitazunguka nanyi mara kumi bila kuwasumbua. Katika Ableton Live, kwa mfano, programu iliyotoka mwaka 2001 na inayotumiwa sana kwa kazi hii, kipande kinaendelea kuzunguka mpaka mtu abonyeze kinachofuata. Na hata akibonyeza mapema kidogo, hakirukii katikati, kinasubiri hesabu nne zianze upya ndipo kiingie. Mwambie kijana wako apange nyimbo kwa namna hiyo, kipande cha ubeti, kipande cha kiitikio, kipande cha kufungia, na asiunganishe chochote moja kwa moja.

Lupu zenyewe ziwe za midundo tu: kayamba, makofi, ngoma ya pili. Zisiwe na chodi. Kilichowavuruga siku ile kilikuwa chodi za ubeti kugongana na chodi za kiitikio. Kayamba halina ufunguo, yaani halifungwi na sauti mnayoanzia wimbo. Mchungaji akipandisha wimbo nusu sauti, kayamba linaendelea na kazi yake. Mkitaka kujaza chini, kinanda kishike sauti moja ndefu kwa mkono wa mtu. Na pengo la gitaa liacheni lisikike! Mkiliziba kwa mashine kila Jumapili, mtoto wa kanisani mwenye gitaa lake nyumbani hatajua kwamba anahitajika.

Lingine la kuangalia ni mwendo wenyewe. Lupu nyingi za kupakua zimetengenezwa kwa hesabu za nne nne zilizonyooka. Pambio lenye mwendo wa sita kwa nane, yaani mapigo yanayokwenda tatu tatu, lile linalowafanya akina mama wayumbe mabega kabla hata hawajasimama, ukiliweka juu ya lupu ya nne nne unalivunja kiuno. Watu hawatakwambia kosa liko wapi. Watapiga makofi kwa uvivu tu, na ninyi mtadhani wamepoa kiroho.

Hapo ndipo ninapomhitaji mzee wako.

Kwanza tuhakikishe kama kweli anachelewa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mpiga dramu aliyekaa mita 10 kutoka spika za ukumbi anasikia kila pigo la mashine likiwa limechelewa karibu sekunde 0.03, na kuta za zege zinamrudishia mwangwi juu yake. Kwa masikio ya mtu wa midundo, hicho ni kiasi cha kumyumbisha. Hedifoni akiivua, anafuata spika, na spika zinamchelewesha. Akiivaa, anasikia mlio mkali wa kompyuta peke yake, hasikii kinanda, hasikii waimbaji, hasikii kanisa. Mzee aliyezoea kupiga huku akitazama miguu ya watu mmemfungia kwenye chumba chenye saa ya ukutani. Hata mimi ningezivua.

Kwa hiyo mpeni hedifoni ambayo ndani yake kuna kinanda na sauti yako wewe kiongozi, na mlio wa kuhesabu uwe chini yake kidogo, wala usiwe ule wa "pi, pi". Programu inaruhusu kuubadilisha. Uwekeni uwe mlio wa kijiti au wa kayamba. Sikio moja liwe wazi ili asikie kanisa, na sauti isifunguliwe sana, masikio ni yake ya maisha. Halafu akae na kijana siku za katikati ya wiki, wawili tu, pasipo waimbaji wa kumtazama, wapige wimbo mmoja polepole mpaka mlio ule uache kumkera.

Kuhusu waya, kompyuta hutoa sauti ya kushoto na ya kulia. Mlio wa kuhesabu upelekwe wote kushoto, uende kwenye hedifoni peke yake. Lupu zote zipelekwe kulia, ziende kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Waya wa kugawanya unapatikana kwa mafundi wa spika na si ghali. Chaja ya kompyuta ikileta muungurumo kwenye spika, ichomoeni wakati wa ibada na mtumie betri iliyojaa. Simu ikitumika badala ya kompyuta, ondoeni mtandao, la sivyo mtu atapiga katikati ya sala.

Na kitufe cha kuanzisha na kuzima mashine akishike mzee. Hili nalisisitiza. Mpiga kinanda ana mikono miwili na yote ina kazi. Mpiga dramu ndiye anayehesabu kabla ya wimbo, na ndiye anayekuona wewe ukiinua mkono. Kuna vibonyezo vidogo vya mguu vinavyounganishwa na kompyuta. Wekeni kimoja karibu na kiti chake. Ukikunja ngumi, anazima, na wimbo unaendelea kwa mikono ya watu. Katika kila zoezi, zimeni mashine katikati ya wimbo bila taarifa. Wimbo ukiyumba, haujawa tayari kwa Jumapili.

Halafu mrekodini. Kijana ana kompyuta, miksa mnayo, maikrofoni mnazo. Mzee akae na ngoma yake, hedifoni masikioni, apige mwendo anaoujua yeye wa sita kwa nane, dakika nzima bila kusimama. Kisha kayamba peke yake. Kisha ngoma ndogo. Kijana achague kipande kimoja kizuri katika kila dakika, akikate pale pigo la kwanza linapoanza, asiache mlio wa ngoma ukining'inia kwenye mkato, maana kikizunguka mtasikia kishindo kidogo kila mara. Jumapili mzee atapiga ngoma kubwa kwa mikono yake miwili, na kayamba na ngoma ndogo zitakuwa zake zilizorekodiwa. Mnaongeza mikono ambayo hana. Mkimrekodi halafu mkamrudisha benchi la nyuma, mtakuwa mmemkosea mara mbili, na hilo uliseme wazi mbele ya timu nzima kabla hamjawasha maikrofoni.

Nina sababu nyingine ya kulitaka hili. Tuko Usukumani, na ngoma ya hapa ililetwa ndani ya kanisa na watu waliosimama kuitetea. Pale Bujora, Kisesa, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha Makumbusho ya Wasukuma, aliipa ngoma na nyimbo za Kisukuma nafasi katika ibada. Mikono ya kizazi cha mzee wako ndiyo imeishika mpaka ikafika kwenu. Itakuwa hasara kubwa kizazi chenu kikiiondoa kwa sababu tu kuna ngoma ya kupakua iliyo safi zaidi.

Kuhusu hizo za kupakua, jueni pia kwamba zina wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuna COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ya kuuliza. Wimbo wa mtu uliotolewa mtandaoni bila ruhusa yake hauwi wenu kwa kuwa mmeupigia kanisani. Lupu za mzee wenu hazitawapeleka huko, ila mwombeni ruhusa naye, kwa maneno, kama mtu mwenye kazi yake.

Sasa kijana. Usimfanye adui. Ameleta ujuzi ambao kanisa halikuwa nao, na alitaka muziki uwe bora. Lakini neno la "ngoma zimo humu tayari" aliliambia mtu wa umri wa baba yake mbele ya wenzake, na neno la namna hiyo halifutwi kwa ujumbe wa simu. Aende nyumbani kwa mzee, wewe umsindikize pamoja na mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote, mama wa kanisa atafaa sana. Aombe radhi kwanza, akakae, anywe chai. Habari ya kompyuta isiguswe siku hiyo isipokuwa mzee aulize mwenyewe. Nadhani atauliza. Wapiga ngoma wana udadisi.

Na huo mkutano wa Furahisha. Aliyemshauri mchungaji aweke nyimbo nzima anadhani uwanjani mashine ni salama zaidi. Mimi naona hatari inaongezeka. Mtu aliyesimama mita 70 kutoka spika anasikia pigo sekunde 0.2 baadaye, na makofi yake yanarudi jukwaani yakiwa yamechelewa mara mbili ya hapo. Mpigaji anayefuata makofi ya uwanja atavutwa nyuma pigo baada ya pigo, huku wimbo wa mashine unasonga mbele bila kumjali mtu. Kwa hiyo uwanjani hedifoni ya mzee ni ya lazima, sikio moja wazi au yote mawili yamefungwa kwa jinsi atakavyosikia siku hiyo, na umati ufuate jukwaa. Jenereta likizima, kompyuta yenye betri itaendelea kuzunguka lakini spika zitakuwa kimya. Ngoma iwe jukwaani, isiyotegemea waya, na kila mwimbaji awe anajua atashika wimbo upi bila chombo chochote.

Mpelekee mchungaji hivi: katika mkutano huo nyimbo mbili tu ziwe na lupu, za midundo, zile ambazo mmeshazizima katikati ya mazoezi na hazikuyumba. Zilizobaki zote zipigwe kwa mikono. Akikuuliza kwa nini mbili, mwambie ndizo mtakazokuwa mmezimaliza kwa uhakika, na mkizimaliza tatu, ziwe tatu. Baada ya mkutano niandikie. Na kijana akiwa na swali la mitambo, aniandikie yeye mwenyewe, nitamjibu kwa furaha.